Vitabu viwili, chui mmoja: kitabu cha picha za Tingatinga mnakipimaje?

#1 Msomaji wa Posta
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, maana hii ni wiki ya pili nahangaika na jambo hili na nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Nina vitabu viwili vya picha za Edward Saidi Tingatinga. Majina ya vitabu siyataji kwa makusudi, sitaki mtu aamue kwa jina la mwandishi. Cha kwanza nitakiita Kinene: jalada gumu, karatasi nzito, kimechapwa nje, nilijichanga miezi mitatu. Cha pili ni Chembamba: jalada laini, cha zamani, nimekiokota kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta kwa bei ya sahani moja ya chipsi kuku.

Vyote viwili vina picha ya chui aliyegeuza shingo kumtazama ndege. Kwenye Kinene chui anaelekea kulia, mandhari nyuma yake ni krimu kama samli iliyoganda, na chini kulia kuna sahihi, E.S. Tingatinga. Kwenye Chembamba chui anaelekea kushoto, mandhari ni nyeupe inayovuta bluu, na sahihi haipo kabisa. Mkao ni uleule, ndege ni yuleyule.

Maelezo ya Kinene: "Chui, rangi ya mafuta kwenye ubao, takriban 1970, mkusanyo binafsi." Chembamba kinasema "Chui na ndege", basi.

Je, hii ni picha moja au ni mbili? Na nikitaka kumjua mchoraji, niamini kitabu kipi?

#2 Dogo Tegeta
Nimeingia mbio nikidhani ni uzi wa matingatinga ya kulima, nina shamba Mkuranga nataka kukodi. Haya, nimeshakaa, endeleeni.

#3 Mkutubi
Karibu Dogo, hili tingatinga linalima vizuri zaidi.

Mleta uzi, mimi nimefanya kazi maktaba muda mrefu, vitabu vya picha vimepita mikononi mwangu vingi. Kitu cha kwanza ninachotafuta ni vipimo. Kitabu kisiponiambia picha ina urefu na upana gani, nakuwa na wasiwasi nacho hata kama kinang'aa namna gani. Anayeandika vipimo maana yake yeye au mtu wake alisimama mbele ya ubao ule na rula. Asiyeandika huenda aliona picha ya picha tu. Je, kati ya vyako kipo chenye vipimo?

#4 Msomaji wa Posta
@Mkutubi hakuna. Kinene kina kurasa nzima za "furaha ya Afrika" na "rangi zinazocheza ngoma", vipimo hata picha moja. Chembamba nacho hakina. Umenigusa hapo, maana nilikisoma Kinene chote na sikuliona hilo pengo.

#5 Fundi Ofseti
Mkuu, mimi ni mchapaji, miaka 26 kwenye mashine, Keko na kwingineko. Nianze na rangi kabla watu hawajaanza kusema feki.

Kuchapa kitabu cha rangi kunatumia wino wa aina nne: bluu ya maji, waridi kali, njano na nyeusi. Rangi zote unazoziona kitabuni zinatokana na vidoti vya hizo nne. Tingatinga alikuwa anachora kwa rangi ya mafuta, zile za makopo, za kupakia milango na baiskeli. Ile rangi inang'aa, ina machungwa na kijani kali ambazo wino hizo nne hazizifikii. Kwa hiyo hakuna kitabu, kiwe cha milioni au cha elfu tano, kitakachokupa rangi ya ubao wenyewe.

Halafu njoo kwa mpiga picha. Zamani walipiga kwa filamu ya slaidi, kipande cha filamu chenye picha ya rangi, iliyotengenezwa kwa ajili ya kupigia kwenye mwanga wa jua. Ukipiga filamu hiyo kivulini, chini ya mwembe au barazani, picha inavuta bluu. Ukipiga ndani kwa taa ya balbu, inavuta njano. Basi ubao mmoja mweupe unaweza kutoka bluu kwenye Chembamba na krimu kwenye Kinene na hakuna mtu aliyedanganya.

Kuhusu kuelekea kulia na kushoto: slaidi ina upande wa dawa na upande wa kung'aa. Fundi wa pleti, yaani bamba la kuchapia, akiiweka kinyume, picha inageuka kama kwenye kioo. Nimeyaona kwa macho yangu. Kalenda nzima ya kampuni moja tuliichapa bosi wao akiwa na saa mkono wa kulia, ikabidi irudiwe kwa gharama yetu.

#6 Dogo Tegeta
Saa mkono wa kulia 😂 Fundi, bosi mwenyewe ndiye aliyeigundua?

#7 Fundi Ofseti
Mke wake.

#8 Brashi Sita
Salaam wakuu. Mimi ni mchoraji, nimejifunzia Msasani, nachora mtindo huu tangu nikiwa kijana. Fundi kasema vizuri ila naona kaacha rangi yenyewe.

Rangi ya mafuta nyeupe inageuka njano inapokaa gizani. Nenda nyumbani kwako usogeze kabati lililokaa miaka mbele ya ukuta au mlango uliopakwa nyeupe. Nyuma ya kabati utakuta kama chai ya maziwa, na pembeni kulikopigwa na nuru ni kweupe. Ubao ukifungwa kwenye sanduku Ulaya miaka thelathini utatoka krimu. Kwa hiyo Chembamba huenda kinaonyesha ubao ukiwa mpya na Kinene kinaonyesha ubao uleule ukiwa mzee. Mwanga wa balbu si lazima.

#9 Mama Nakala
Nathibitisha ya @Brashi Sita. Tulipohama nyumba ya serikali, ukuta nyuma ya jokofu ulikuwa njano tupu, na mimi nikamlaumu binti wa kazi bure. Hadi leo najuta.

#10 Wa Likoni
Hamjambo ndugu zangu. Mimi niko Mombasa. Nauliza tu, mbona hamsemi lililo wazi? Kitabu cha kale hakina sahihi, kitabu kipya kina sahihi. Picha isiyo na sahihi huuzwa bei ndogo, yenye sahihi ya marehemu huuzwa bei kubwa. Huenda sahihi imetiwa baadaye. Kwa Tingatinga jambo hili si geni, kazi za kughushi jina lake ziko nyingi.

#11 Mzee Kinara
Vijana, mimi nakumbuka habari zake tangu akiwa hai. Huyu bwana alikuja Dar akafanya kazi za ndani kwa Wazungu, kuchora alianza kama 1968, akafa 1973. Miaka mitano tu. Mtu wa miaka mitano hawezi kuwa na picha nyingi kiasi cha kujaza vitabu hivyo vyote, kwa hiyo ni lazima nyingine si zake.

#12 Mkutubi
Shikamoo mzee. Naomba nisahihishe kwa heshima: alifariki 1972, hapa hapa Dar, kwa risasi ya polisi waliodhani ni mhalifu anayetoroka. Ukianza na 1968 ni miaka minne hivi ya kuchora. Hoja yako inazidi kuwa na nguvu badala ya kupungua.

#13 Mzee Kinara
Marahaba. 1972, sawa, nimekubali. Ila hilo la risasi bado linaniuma. Ndio kwanza alikuwa amepata jina.

#14 Brashi Sita
@Mzee Kinara shikamoo. Miaka minne ni michache lakini mtindo huu una mwendo. Unapaka mandhari, unaacha ikauke, unaweka umbo la mnyama, unaacha, kisha madoa. Unaweza kuwa na mbao tano ukutani kwa mpigo, hii inakauka, ile unaitia madoa. Na hakuwa peke yake. Aliwachukua ndugu na jamaa akawafundisha: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Henrik Tedo, Omari Amonde na Simon Mpata. Wote walichora alivyochora mwalimu. Kitabu kisichotenganisha mkono wa mwalimu na mkono wa wanafunzi kwangu hakijaanza kazi.

Na jambo jingine, watu wa nje hawalielewi: sisi kurudia picha si wizi. Mteja akija akasema nataka chui kama yule wa juzi, unamchorea chui kama yule wa juzi. Mwalimu mwenyewe alirudia. Kwa hiyo mleta uzi, jibu langu ni picha mbili. Mmoja kamwelekeza kulia, mmoja kushoto, wote chui.

#15 Msomaji wa Posta
Ahsanteni sana. @Brashi Sita nimekaa na hoja yako, nikaona nihesabu madoa. Nimekaa mezani saa nzima. Mkiani: Kinene 11, Chembamba 11. Mstari wa mgongoni: Kinene 17, Chembamba 16, ila kwenye Chembamba doa moja naona limeungana na sikio. Ukimwekea kioo chui wa Chembamba, kila doa linaangukia pale pale.

#16 Fundi Ofseti
Umemaliza. Picha moja, slaidi imegeuzwa. Na sahihi ya Kinene inasomeka, kwa hiyo Kinene kiko sawa, kilichogeuzwa ni Chembamba. Sasa fikiria mhariri wa Chembamba: akiiacha sahihi itasomeka kinyumenyume, kila mtu ataona kosa. Kwa hiyo kaikata. Kesi imefungwa.

#17 Wa Likoni
Haijafungwa, Fundi. Kama mhariri aliiona sahihi iko kinyume, si angeigeuza slaidi tu? Mtu huona kosa akachagua kulificha badala ya kulirekebisha?

#18 Fundi Ofseti
@Wa Likoni pleti zikishatengenezwa kurekebisha ni pesa. Kukata ni bure. Mteja wetu wa kawaida angechagua nini?

#19 Mama Nakala
Angechagua bure.

#20 Mmakua wa Tunduru
Wakuu nimechelewa. Kabla hamjazama kwenye sahihi, hivyo vitabu vinasema nini kuhusu mtindo ulikotoka? Mimi nakipima kitabu hapo. Tingatinga ni wa Tunduru, kwetu. Bibi yangu alikuwa akituambia nyumba zilichorwa ukutani kwa udongo mweupe, mwekundu na mkaa, wanyama na watu. Kitabu kinachosema alizaliwa mchoraji Msasani bila chanzo, kana kwamba kusini hatukuwa na ukuta, nakifunga.

#21 Msomaji wa Posta
@Mmakua wa Tunduru Kinene kinasema aliona picha za Wakongo zikiuzwa mitaani Dar miaka ya 1960 akasema hata mimi naweza. Chembamba kinataja kuta za nyumba za kusini kwa sentensi moja.

#22 Mmakua wa Tunduru
Umeona. Sentensi moja, lakini ipo.

#23 Mzee Kinara
Picha za Wakongo zilikuwepo, nilikuwa nikiziona. Wanawake wamebeba mtungi, jua linazama, mitumbwi. Ila huyu hakuchora vile hata kidogo. Wao walijaza ubao mzima, yeye alimweka mnyama mmoja katikati na kumwachia nafasi ya kupumua. Labda alichochukua kwao ni wazo la kuuza, mkono wa kuchora akawa nao mwenyewe.

#24 Wa Likoni
Na mbona hamwataji wachongaji? Vinyago vya Kimakonde vilikuwa vimejaa Dar wakati ule. Mashetani yale ya shingo ndefu na macho makubwa, waona kabisa yaliingia kwenye ubao. Tazama kazi za George Lilanga.

#25 Brashi Sita
Kaka, Lilanga hakuwa wa shule ya Tingatinga. Alianza kama mchongaji, njia yake ilipita Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii cha Dar. Watu wanawachanganya kwa sababu wote walitumia rangi ya mafuta na wote wanauzwa duka moja. Kuna vitabu vinamweka Lilanga sura ya pili baada ya Tingatinga kama mtoto wake. Hilo nalo ni la kukipimia kitabu.

#26 Wa Likoni
Nimepokea sahihisho. Ila Mpata ni wenu kweli, na kwetu Kenya tunamjua. Aliishi na kuchora Nairobi, Wajapani wakampenda hadi hoteli ya Masai Mara ikapewa jina lake.

#27 Dogo Tegeta
Sasa mimi niliyekuja kukodi tingatinga nimeshajua majina sita ya wachoraji. Shamba bado halijalimwa.

#28 Mwalimu wa Hesabu
Habari zenu. Mleta uzi, usihesabu madoa tu, pima. Nipe vipimo vinne: upana na urefu wa picha katika kila kitabu. Halafu toka mgongo wa chui hadi ukingo wa juu, na toka ukingo wa chini hadi kwenye herufi za sahihi.

#29 Msomaji wa Posta
@Mwalimu wa Hesabu nimepima kwa rula ya mwanangu.
Kinene: 21 kwa 21, mraba kamili. Mgongo hadi juu 6. Sahihi inaanzia 1.5 kutoka chini na kuishia 2.3. Kucha za ndege ziko 2.5.
Chembamba: upana 12, urefu 10.5. Mgongo hadi juu 3.
Zote sentimita.

#30 Brashi Sita
Ngoja niseme la mraba. Hadibodi nzima ilikuwa futi 4 kwa 8. Ukiipiga msumeno unapata vipande 8 vya futi 2 kwa 2, hakuna kinachopotea. Ndio maana kazi nyingi za mwanzo ni mraba wa sentimita 60 hivi. Chembamba si mraba, kwa hiyo kimekata, hilo nakubali. Kama ni picha ileile.

#31 Mwalimu wa Hesabu
Sawa, twende taratibu. Tuchukulie pembeni hakuna kilichokatwa. Chembamba kina upana 12, basi urefu ulipaswa kuwa 12. Umepungua 1.5. Mgongo hadi juu ulipaswa kuwa 3.4, wewe umepata 3, kwa hiyo juu kimekatwa 0.4. Chini kimekatwa 1.1 iliyobaki.

1.1 ya Chembamba ni sawa na 1.9 ya Kinene. Sahihi inaanzia 1.5 hadi 2.3. Maana yake mkasi ulipita katikati ya sahihi. Kwenye Chembamba ilipaswa kubaki nusu ya juu ya herufi, chini kushoto, kinyumenyume.

Ipo?

#32 Wa Likoni
Naam! Hapo sasa.

#33 Mama Nakala
Nimepakua chakula kimepoa nikisubiri jibu la huyu mtu.

#34 Msomaji wa Posta
Nimetazama kwa kioo cha kukuzia. Chini kushoto, ukingoni kabisa, kuna alama moja nyeusi ndogo kuliko punje ya ulezi. Herufi nyingine hakuna. Mandhari safi.

#35 Wa Likoni
Basi sahihi haikuwepo. Imetiwa baadaye. Mwandishi wa Kinene ameweka kazi iliyoghushiwa sahihi kwenye karatasi nzuri na watu wanalipa.

#36 Fundi Ofseti
Pole pole kaka. Sisi tulikuwa na brashi ya kurekebisha. Nusu ya herufi ikibaki ukingoni inaonekana kama uchafu, unaigusa mara mbili kwa rangi ya mandhari inapotea. Hiyo punje ni kipande walichokisahau.

#37 Mwalimu wa Hesabu
Au ni vumbi. Na mimi nijisahihishe: milimita moja ya rula kwenye Chembamba ni milimita tano kwenye ubao wa sentimita 60. Rula ya mtoto ikikosea kidogo, mkasi unapita juu ya sahihi yote na hakuna cha kubaki. Na kama pembeni nako walikata, hesabu yangu yote inaanguka.

#38 Fundi Ofseti
Vumbi kwenye slaidi linazuia mwanga, linatoka doa jeusi, ni kweli. Kulitofautisha na herufi kunahitaji kioo cha kukuza mara 10. Vumbi huwa na ukingo mkali. Mstari wa brashi uliopigwa picha una kingo laini.

#39 Mkutubi
Nirudi kwenye swali la pili la mleta uzi, maana tumelisahau. Kipi kizuri?

Mimi naona tunafanya kazi ambayo waandishi wote wawili walipaswa kuifanya. Kitabu kizuri cha mchoraji huyu kingetuonyesha mgongo wa ubao. Hadibodi ina upande laini na upande wenye alama za wavu, na mgongoni watu wanaandika: bei, jina la mnunuzi, namba, muhuri wa duka. Kingetuambia ubao ulinunuliwa mwaka gani pale Morogoro Stores, madukani Dar alikokuwa akiuzia picha zake, na ukapita mikononi mwa nani. "Mkusanyo binafsi" ni mlango uliofungwa. Sikatai kwamba mwenye picha ana haki ya kuficha jina. Lakini hata mwaka ulionunuliwa nao ni siri?

Nimeona vitabu vya wachoraji wa Ulaya, kila picha ina mstari mzima wa historia yake. Kwa wetu wanaona rangi zinatosha. Hilo linaniudhi kuliko chui kugeuzwa.

#40 Mzee Kinara
Umesema kweli binti yangu. Na si yeye tu. Sam Ntiro, msomi wa Makerere na wa London, balozi wetu wa kwanza Uingereza baada ya uhuru, na jumba kubwa la sanaa la New York lina picha yake ya watu wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Ulizeni vijana mtaani, nani anamjua?

#41 Dogo Tegeta
Mzee shikamoo, mimi simjui lakini leo namtafuta. Pombe ya ndizi usiku kwa bibi harusi, hiyo picha nataka niione.

#42 Brashi Sita
@Mkutubi nakubali asilimia zote, ila niwatetee kidogo wenye vitabu. Watu waliochora naye wengi wametangulia. Ushirika wetu ulisajiliwa 1990, miaka 18 baada ya kifo chake. Kabla ya hapo nani alikuwa anaandika? Picha ziliondoka na wageni kwenye mabegi. Mwandishi akija leo anakuta masimulizi, na kila ukoo una la kwake.

Msomaji wa Posta, niko radhi kuvichukua vitabu vyako nikamwonyeshe mzee mmoja hapa, alijifunza kwa mmoja wa wale sita. Jina lake sitaliweka mtandaoni.

#43 Msomaji wa Posta
Kaka nitakushukuru sana. Jumamosi asubuhi navileta mwenyewe.

#44 Brashi Sita
Wakuu, tumerudi. Naandika kama ilivyokuwa, siongezi.

Mzee alivitazama vyote kwa muda mrefu bila kusema. Akaomba kahawa. Halafu akaziba sahihi ya Kinene kwa kidole gumba, akasema sahihi msinionyeshe, sahihi haichori. Akamtazama chui. Akasema chui ni wa mwalimu, tazama paja lilivyokunjwa na madoa yanavyopungua kuelekea tumboni, wanafunzi walijaza madoa sawasawa mwili mzima. Kisha akaja kwa ndege. Akasema ndege si wake. Ndege ana shingo ya mwanafunzi, na akataja jina la anayemdhania, ila akasema msiliandike kwa kuwa hana hakika.

Tukamuuliza sasa picha ni ya nani? Akasema ubao uliokuwa ukutani ukisubiri kukauka, aliyekuwa karibu alikuwa anausaidia. Hakuona kama ni swali gumu.

#45 Mama Nakala
Jamani. Watu wawili kwenye ubao mmoja.

#46 Wa Likoni
Basi hiyo yaongeza hoja yangu. Kama mkono si mmoja, sahihi yaweza kuwekwa na yeyote, siku yoyote.

#47 Fundi Ofseti
Na yangu pia. Chui mmoja, slaidi moja. Mzee hakusema ni picha mbili.

#48 Brashi Sita
Hakusema ni moja pia. Hakuulizwa, tulisahau. Nakiri.

#49 Mmakua wa Tunduru
Mmeshindwa kumuuliza lile kubwa? Na kuta za kusini?

#50 Brashi Sita
Nilimuuliza. Alisema Tingatinga hakuwahi kumsimulia yule mwanafunzi aliyemfundisha mzee huyu habari za kuta, lakini alipenda sana kuwaimbia nyimbo za kwao akichora.

#51 Mwalimu wa Hesabu
Swali dogo kwa mleta uzi. Tumehesabu madoa ya chui, na mzee anasema chui na ndege ni mikono miwili. Ndege tumemhesabu? Ana kucha ngapi kila kitabu?

#52 Msomaji wa Posta
@Mwalimu wa Hesabu nimerudia mara tatu kabla ya kuandika hapa. Mguu wa mbele: Kinene kucha nne. Chembamba kucha tatu. Ule wa nne kwenye Chembamba haupo, na hapo si ukingoni, mandhari inaonekana nyeupe hadi chini. Mke wangu amehesabu bila kuambiwa, kapata hivyohivyo.

#53 Dogo Tegeta
Mungu wangu.

#54 Wa Likoni
Ukucha umeongezwa siku ilipoongezwa sahihi!

#55 Brashi Sita
Au ni picha mbili kama nilivyosema #14.

#56 Fundi Ofseti
Au brashi ya kurekebisha iliyofuta sahihi imefuta na ukucha, maana viko jirani. Msomaji, usikiguse kitabu, usipige skani, usifanye lolote. Jumatatu saa kumi jioni niko Posta na kioo changu cha mara 10. Njoo na vyote viwili.

#57 Mkutubi
Nami nakuja, naleta rula ya chuma.